Mistari Ile Niliiagiza Mimi

Msomaji wangu, wewe na mimi tumezoeana. Ijumaa nyingi umenipa dakika zako, ukasoma habari zangu za watoto, za jikoni, za majirani, na kama ulinisema vibaya basi hayakunifikia. Ndiyo maana leo nakuja kwako kama mtu anayeingia uani kwa rafiki yake, akavuta mbuzi ya kukunia nazi akaikalia, akasema lililomleta. Jumatano iliyopita, kabla ya swala ya alasiri, mzee aliyekuwa akichora mistari ya kiwanja chetu cha mpira pale Mabawa alifariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hakuugua sana. Alilala mchana, wakaenda kumwamsha aswali, hakuamka. Jina lake sitalitaja, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Waliomjua wameshamjua, na wewe usiyemjua utamjua kwa haya ninayokwenda kusema.

Kilichonikalisha nikashika kalamu si kifo chenyewe, maana kifo ni haki. Ni maneno niliyoyasikia msibani. Sisi wanawake tulikuwa ndani na mjane, tumejipanga kwenye mikeka, nyuradi zinasomwa. Wanaume walikuwa nje barazani, na dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nikasikia mmoja anasema, "Mungu amrehemu mzee wetu, lakini tuseme kweli, ndiye aliyetunyima daraja." Mwingine akadakia, "Eh, mistari yake ile! Tungekuwa tunacheza na wakubwa leo." Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kile kicheko cha msibani cha kupunguza uzito. Lakini mimi nilimtazama mjane. Aliinamisha uso, akavuta ukingo wa kanga yake, akaendelea na tasbihi. Na mimi nikaona moto umenipanda kutoka miguuni. Kwa sababu katika nyumba ile yote, ndani na nje, mtu aliyeinyima timu yetu daraja alikuwepo kweli, tena amekaa karibu na mlango, amevaa buibui jeusi, na amenyamaza kwa miaka kumi na mitano. Mtu huyo ni mimi ninayekuandikia.

Ngoja nianze na kiwanja, maana usipokijua kiwanja hutaelewa mistari. Pale palikuwa pa kuanikia katani. Wazee wanasimulia kwamba palikuwa na nguzo na nyaya zimevutwa kutoka mashariki kwenda magharibi, safu baada ya safu, na katani iliyokwisha kusindikwa inaning'inia juu yake nyeupe, ukipita na upepo inakupiga usoni. Aliyekuwa akizivuta nyaya zile ni baba wa marehemu. Bei ya katani ilipoanguka, mwenye mali akafunga, nyaya zikauzwa, nguzo zikaishia jikoni kwa watu, ikabaki ardhi tupu iliyonyooka kama imepigwa pasi. Vijana wakaweka magoli. Na kwa kuwa zile safu za nyaya zilikwenda mashariki na magharibi, magoli yakakaa kaskazini na kusini yake, na lile la kaskazini likaangukia upande wa kibla. Mpaka leo tunaita hivyo: goli la kibla, na lile la pili goli la mtaro, kwa sababu nyuma yake upo mtaro wa maji machafu na vyoo vya uwanja. Ukimsikia mtangazaji wetu na kile kipaza sauti chake kibovu anasema "wanashambulia kibla," usidhani ni kufuru. Ni ramani tu.

Ikaja siku ya kujenga jukwaa. Halikujengwa na tajiri. Kila nyumba ilitoa ndoo za mchanga na kokoto, na wabebaji walikuwa wanawake. Mama yangu alibeba mchanga akiwa na mimba ya mdogo wangu. Zikapatikana ngazi nane za saruji, chini yake vyumba viwili, kimoja cha wenyeji na kimoja cha wageni. Uzio ulikuwa madebe yaliyokunjuliwa. Hapo ndipo timu yetu ilipocheza ligi zake za chini, na hapo walikuja wa Muheza, wa Pangani, wa Korogwe, na wavuvi wa Kigombe na ngoma zao ambazo hazinyamazi hata wakifungwa. Sisi si mji wa viwanja vikubwa tu, tunavyo na vidogo kama hivi, ambavyo redioni havitajwi, lakini mtu akiwa ughaibuni ndivyo anavyoviota.

Marehemu alirithi kamba kwa baba yake. Nasema kamba, na nataka uione. Ilikuwa ya katani, imesokotwa kwa mkono, ina mafundo kumi na mawili yaliyopishana sawasawa. Mimi niliifahamu kabla sijamfahamu mwenyewe vizuri, kwa sababu darasa letu la jioni lilikuwa kwenye chumba cha wageni chini ya jukwaa. Niliishia darasa la saba, nikaolewa, nikazaa, halafu nikajiambia sitakufa bila kumaliza. Basi jioni tunakaa wanawake tisa na wanaume wanne, tunasoma katikati ya harufu ya dawa ya misuli. Mzee anafagia nje. Siku moja tulitoka darasani vichwa vinatuuma.

"Mwalimu," akaniita. Mimi ndiye mwanafunzi, lakini yeye aliniita mwalimu tangu siku ya kwanza, kwa utani. "Leo mmelishwa nini?"

"Pembe mraba, baba. Wallahi sijaelewa kitu."

"Pembe tu ndiyo ikununishe hivyo? Njoo hapa. Shika fundo la tatu. Weye bibie wa kanga nyekundu, shika la saba. Miye nashika mwanzo na mwisho. Haya, vuteni! Vuta, bibie, hujala leo?"

Tukavuta. Kamba ikakaza, ikawa na pembe tatu, na ile iliyokuwa mkononi mwangu ilikuwa imesimama wima kama kona ya meza. "Hiyo ndiyo pembe yenu," akasema. "Haijui kusoma wala kuandika, lakini haidanganyi. Kona zote nne za kiwanja hiki zimetoka humo." Nikacheka mpaka machozi, kwa sababu ubao mzima wa mwalimu wetu wa jioni ulikuwa umeingia kwenye kamba ya katani. Mtihani ule nilifaulu. Hata huku kuandika kwangu, msomaji wangu, kulianzia pale pale chini ya ngazi za saruji alizobeba mama yangu. Kwa hiyo uone deni langu la shukrani lilivyokuwa tayari kubwa kabla sijamfanyia nililomfanyia.

Sasa swala ya Iddi. Miaka yote watu wa mitaa yetu wameswali Iddi kiwanjani, wanaelekea goli la kibla. Wanaume wanajaza nusu ya upande wa kibla, wanafuata mistari ya mpira: mstari wa boksi safu, mstari wa kati safu, na katikati wanajikadiria. Wanawake je? Nje. Nyuma ya goli la mtaro, nyuma ya madebe, pale pale penye vyoo. Mwaka wa mvua tunatandika mikeka juu ya tope. Tunasujudu na harufu. Bibi yangu mmoja mtu mzima aliwahi kusema, "Miye nakwenda kwa Mola wangu nimeziba pua." Tulilalamika. Tukaambiwa na katibu wa timu, ambaye pia alikuwa kwenye kamati ya swala, kwamba nusu ya uwanja upande wa mtaro inabaki tupu kweli, lakini wanawake hawajui kunyoosha safu, watazagaa mpaka waingie kwa wanaume. Mimi nilikuwa mbishi, na bado. Nikamfuata mzee. Nikamwambia, "Baba, kama shida ni safu, si utuchoree?" Akafikiri, akasema kwa jivu inawezekana, jivu la makumbi ya nazi likifagiliwa linatoka. Katibu alipobanwa akakubali: haya, wakichorewa waingie. Ramadhani ile tukawatangazia kina mama wote. Wazee wetu wa kike walihesabu siku kama watoto.

Mtihani ukaja na mwezi. Timu yetu ilikuwa imebakiza mechi moja, Jumamosi, saa kumi jioni, pale pale nyumbani. Tukishinda tunapanda daraja, jambo ambalo mitaa yetu haijawahi kuliona. Kila mtu alikadiria kwamba Iddi itakuwa Jumapili. Mzee alikuwa amepanga mechi ichezwe Jumamosi, kisha akusanye jivu, atuchoree. Ijumaa magharibi, swaumu ya ishirini na tisa, mwezi ukaandama. Redio ikatangaza. Iddi ni kesho asubuhi, na mechi ni kesho jioni. Mimi nilikuwa uani nachagua mchele wa pilau nikasikia hodi.

"Karibu baba, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Umesikia? Mwezi umeandama."

"Alhamdulillahi!"

"Alhamdulillahi. Lakini jivu sina. Nina chokaa ya timu tu. Na katibu amesema nisiguse, kesho mechi. Amesema nyie mkae nje kama kawaida, mwakani tutaona. Nimekuja kukwambia uwaambie wenzio."

Msomaji wangu, nakumbuka mpaka ule mchele ulivyokuwa kwenye ungo. Nikamfikiria bibi wa kuziba pua. Nikafikiria neno "mwakani," ambalo sisi tumelishwa tangu tuzaliwe. Nikamwambia neno moja.

"Chora."

"Na mechi?"

"Swala asubuhi, mechi jioni. Tukishaswali utafagia, na sisi tutakuja na fagio zetu za chelewa, wanawake ishirini, tutakusaidia. Nusu saa umekwisha. Chora, baba."

Akanitazama. Akasema, "Haya, mwalimu amesema." Akaondoka.

Tulipofika asubuhi tukakuta mistari ishirini, myeupe, imenyooka kama nyaya za katani za baba yake. Sijui niseme nini uelewe. Kina mama waliingia kwa lango kubwa, lile la mashabiki, wengine walikuwa hawajawahi kulivuka. Hakuna aliyezagaa. Bibi yetu alisimama kwenye mstari wa kwanza, vidole vya miguu vimegusa chokaa, pua wazi, analia. Takbira zikapanda. Na katikati ya hotuba ikashuka manyunyu, laini, ya baraka, tukainua viganja tukaomba dua. Hakuna aliyefikiria chokaa. Chokaa ikinyunyiziwa maji haifagiliki. Inashika jani moja moja kama rangi ya nyumba.

Na hapo ndipo nilipomwacha. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha imenijaa, nikavua buibui, pilau, wageni, watoto nguo mpya, wifi zangu wametoka Ushongo na samaki. Kila mara nilisema sasa hivi nakwenda na fagio. Na wenzangu kila mmoja alisema hivyo hivyo nyumbani kwake. Wanawake ishirini, na hakuna hata fagio moja iliyotoka nje. Yeye alifagia peke yake tangu tulipotoka kwenye swala. Alipoona fagio haiwezi akapiga magoti akawa anang'oa majani meupe kwa mikono, shina kwa shina. Pilau ya Iddi hakula.

Jioni nikaenda mpirani na watoto. Ni Iddi, mji mzima uko jukwaani, kofia zinang'aa, marashi yananuka. Nikakaa ngazi ya tatu na kina mama wenzangu sita. Ndipo nikaona. Mistari kumi na mbili ilikuwa bado ipo, kuanzia katikati mpaka goli la mtaro, na mzee yuko chini anakwangua. Watu wakaanza.

"Refa, kuotea kunaanzia safu ya ngapi?"

"Kipa wetu leo ni imamu!"

Nahodha wa wageni akaweka mikono kiunoni akauliza kwa sauti, "Wenyeji, tucheze mpira au tuswali?" Jukwaa likacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka kidogo, kisha nikaacha. Kwa sababu refa hakucheka. Aliita viongozi akasema uwanja wa namna hii haujulikani mwisho wake wala boksi lake, anatoa nusu saa usafishwe, usiposafishwa wageni wanachukua pointi mezani. Wachezaji wakaingia na viatu wakasugua. Mtu akaleta ndoo ya maji. Mzee akapiga ukelele, "Msimwage maji! Msimwage!" Wakamwaga. Uwanja ukawa maziwa.

Katibu akamfuata mbele ya watu wote, mbele yetu pale chini ya jukwaa, hatua chache kutoka nilipokaa. "Nilikukataza! Nilikukataza au sikukukataza?"

"Ulinikataza."

"Nani amekutuma, basi? Sema! Nani amekutuma?"

Mzee aliinua macho. Alitazama ngazi ya tatu. Tuliangaliana, msomaji wangu, mimi na yeye, na mimi nilikuwa nimempakata mwanangu, na nikainamisha kichwa nikajifanya namfunga kifungo cha shati. Nikamsikia anasema, "Sikutumwa na mtu. Ni mkono wangu." Wenzangu sita walinitazama, nikawatazama, na wote tukapata vifungo vya kufunga. Nusu saa ikaisha. Refa akapuliza filimbi ya kumaliza mechi ambayo haikuanza. Tulikosa daraja siku ile, na hatujalipata tena.

Jumatatu akanyang'anywa ufunguo wa uwanja. Watoto wakampachika jina, akipita wanaimba, "Mistari! Mistari!" Wauza kahawa wakampigia mizaha. Aliyewekwa badala yake alijitahidi, maskini, lakini duara lake la katikati lilitoka kama yai, na siku moja boksi moja lilikuwa kubwa kuliko la pili mpaka wageni wakakataa kubadilisha upande. Msimu haujaisha wakamrudishia mzee ufunguo, bila kumwomba radhi. Jina lakini lilibaki. Alioza watoto nalo, alizeeka nalo, na Jumatano amezikwa nalo.

Utaniuliza, nawe miaka yote hiyo ulikuwa wapi? Nilikwenda kwake wiki ile ile, ufunguo umeshachukuliwa, nimebeba sahani ya visheti. Nilimkuta anasokota kamba mpya. Mikono yake yote miwili ilikuwa imebabuka, chokaa ilikuwa imekula ngozi mpaka nyama nyekundu inaonekana.

"Baba, nakwenda kwa katibu. Nitasema ni mimi."

"Ukisema, mwakani mtaswali wapi?"

Nikaiweka sahani chini.

"Watasema wanawake ndio waliotunyima daraja. Watawatoa nje ya madebe, na safari hii hamtarudi. Ikiwa ni kosa la mzee mmoja, mzee mmoja watamcheka, basi. Kaa na maneno yako, mwalimu. Nikifa utayasema. Maiti hataniwi." Kisha akachukua kisheti, akakiangalia, akasema, "Kigumu kama saruji ya jukwaa. Umekaanga lini hiki?"

Na mwaka uliofuata tuliswali ndani. Hakuna aliyethubutu kusema turudi nje, maana watu walikuwa wameshaona kina mama wamesimama wamenyooka, na likishaonekana hilo halifichiki. Mzee hakutumia chokaa tena, alivuta kamba za katani kutoka uzio hadi uzio, tukasimama nyuma ya kamba. Mpaka Iddi iliyopita tumefanya hivyo. Mabinti zangu wanadhani imekuwa hivyo siku zote. Mkubwa nilipomwambia kwamba zamani tuliswali vyooni aliniambia, "Mama, acha chuku."

Nimefikiri sana juu ya kazi ya yule mzee. Ni kazi ambayo ikifanywa vizuri haionekani. Watu huona goli, huona chenga, huona kadi nyekundu, na hakuna anayesema leo mstari umenyooka. Siku ukipinda ndipo wanajua kuna mtu anauchora. Na kazi ya jikoni ni hivyo hivyo, na ya mama anayeuguza mgonjwa, na ya anayefua kanzu zinazong'aa siku ya Iddi. Sasa wakubwa wa kiwanja wanasema zitakuja nyasi bandia, na mistari itakuja imeshonwa humo humo, haihitaji mtu wala chokaa. Vyema, maendeleo siyapingi, watoto wetu wacheze pazuri. Ila najiuliza mistari iliyokwisha kushonwa itampisha nani. Ule uwanja wa majani ulikuwa na hisani moja: palikuwa na mtu wa kumwendea na kumwambia hatuna pa kusimama, na yeye akachukua ndoo.

Wala sitaki nijifiche nyuma ya ruhusa yake. Alinisamehe na akaniambia ninyamaze, ni kweli, lakini hiyo ilikuwa baadaye. Ile dakika ya jukwaani hakuna aliyenipa ruhusa. Nilikuwa nimetoka kufunga siku ishirini na tisa, nimetoka kumlilia Mola wangu kwenye mstari aliouchora, na nilishindwa kusimama kwenye ngazi niseme neno moja. Jana yake neno moja lilinitoka haraka sana, chora. Siku ile "ni mimi" halikutoka. Naswali, naomba toba, na bado nikifunga kifungo cha shati la mtoto mkono wangu unakumbuka.

Juzi nilirudi kwa mjane. Yuko eda, hatoki. Uani kwake nikaona ile kamba ya mafundo imefungwa kutoka mlangoni hadi kwenye mpapai, imeanikwa kanga. Nikakaa miguuni pake nikamwambia yote, nikamwambia nataka kuyaandika gazetini, na kama yeye hataki basi nitayaacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Mwanangu," akasema, "miye nilijua tangu siku ile ile. Alirudi mikono inatoka damu, nampaka mafuta ya nazi, namuuliza nani kakwambia ufanye hivi? Akasema, mwalimu amesema chora. Basi. Nikamuuliza, na hakuja kukusaidia? Akasema, ana wageni."

Miaka kumi na mitano, msomaji wangu. Miaka yote hiyo mama huyu amekuwa akinipokea kwenye harusi, kwenye maulidi, ananisogezea mkeka niketi karibu naye, ananiuliza watoto hawajambo, na alikuwa anajua. Nikalia kwenye magoti yake. Akanipiga mgongoni kidogo kama anayemcheulisha mtoto. "Andika," akasema. "Andika, wajukuu wake waache kupigana shuleni."

Hilo ndilo sikulijua. Wajukuu wake wanaitwa Mistari mpaka leo, na yule wa darasa la nne amerudishwa nyumbani mara mbili kwa ugomvi.

Kwa hiyo nakuomba, wewe ambaye tumezoeana. Gazeti hili ukilimaliza usilifungie samaki kabla hujampa mwingine asome, na ukikutana na asiyesoma msimulie kwa mdomo, barazani, sokoni, jukwaani kwenye zile ngazi nane. Huna haja ya kukumbuka yote. Akisema mtu mbele yako kwamba mzee yule alitunyima daraja, mjibu kwamba alikuja kuuliza kabla hajachora, na mwanamke mmoja wa Mabawa, aliyeahidi fagio asilete, ndiye aliyemwambia chora. Akikuuliza mwanamke gani, mwambie ni mwandishi wa ukurasa huu. Mwambie siku hizi hajifichi.